Siku Bwana Giza Alipoidanganya Mashine

Watu wengi waliopita mikononi mwake waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura. Mgonjwa akishalazwa kwenye kile kitanda chembamba, akazibwa masikio, akafunikwa kichwa kwa kizimba cha plastiki na kusukumwa ndani ya tundu la mashine ya MRI, alibakiwa na kitu kimoja tu cha kushikilia, nacho ni sauti ya mwanamke ikimjia kwenye kipaza sauti: "Bado kidogo, mpendwa. Bado kidogo tu." Uongo mtupu. Hiyo bado kidogo yake ungeweza kuipikia maharage yakaiva. Wenzake kazini wakambatiza jina hilo hilo, Bado Kidogo, likamganda, hata mkurugenzi wa hospitali siku moja alilitamka mkutanoni kabla hajajiuma ulimi.

Sasa Bado Kidogo amekula chumvi ya kutosha, na mwaka huu anastaafu. Wapiga picha vijana humzunguka wakati wa chai wakitaka awasimulie jinsi mashine ya kwanza ilivyoletwa, na ukuta ulivyobomolewa ndipo ikapita. Hiyo huwasimulia harakaharaka, kama mtu anayemalizia kufagia. Kisha macho yake hulegea, na wote wanajua anakokwenda. Anarudi kwenye chumba cha giza.

Chumba hicho wao hawakukiona. Kilikuwa mwisho wa ukumbi wa eksirei, kidogo, hakina dirisha, na ndani yake iliwaka taa moja nyekundu iliyomfanya kila mtu aonekane kama ametoka kulia. Filamu zilisafishwa humo kwa mkono: unaichovya kwenye dawa, unaitikisa, unaisuuza, unaitundika kwenye kamba kwa vibanio ikidondoka maji. Harufu ya ile dawa, kali na chachu, ilikaa kwenye nywele hata uoge mara ngapi. Mumewe alikuwa akilalamika kwamba ameoa chupa ya siki. Leo Bado Kidogo angetoa chochote aisikie tena harufu ile, hata kwa pumzi moja. Anaikumbuka kuliko marashi ya harusi yake, na haoni haya kusema hivyo.

Mtawala wa chumba kile alikuwa Bwana Giza. Alikuwa mrefu, mkavu, koti lake jeupe limejaa madoa ya kahawia kifuani, na hakuanza kazi kabla ya kunywa kahawa nyeusi aliyofungiwa na mkewe. Ulimi wake ungeweza kukwangua masizi. Siku Bado Kidogo alipofika, msichana aliyetoka tu chuoni, cheti bado kinanukia wino, alimpandisha na kumshusha kwa macho, akamwuliza, "Gizani unaogopa?"

Akajibu kwamba haogopi.

"Basi utaniharibia filamu nyingi," akasema. "Anayeogopa huwa anaangalia anachokishika."

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Picha iliyotikisika haikuvuka mlango wake. Mara moja Bado Kidogo alipiga picha ya mguu wa mtoto aliyeanguka, ikatoka safi, akampelekea kwa mbwembwe. Bwana Giza akaiinua mbele ya taa.

"Mguu mwingine uko wapi?"

"Ule mwingine ni mzima, haujaumia."

"Ndiyo maana nautaka. Utakijuaje kibovu kama hujakiona kizima? Rudi."

Akarudi, akaupiga na ule wa pili, machozi yanamlengalenga kwa hasira. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine baadaye, ingawa yeye hutumia maneno laini kidogo.

Lakini Bwana Giza huyo huyo, Bado Kidogo alipofiwa na baba yake, ndiye aliyekuwa akimwachia kikombe cha kwanza cha kahawa. Siku ya harusi ya Bado Kidogo alisimama nafasi ya baba, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka linang'aa, akalia hadharani hadi mkewe akamfinya. Tangu hapo akawa Baba, mkewe akawa Mama, na habari ya nani kamzaa nani ikafungwa. Wana wa kuwazaa wenyewe hawakujaliwa. Walikuwa naye, na yeye alikuwa nao, na ilitosha.

Halafu kompyuta zikaja na filamu zikafa. Chumba cha giza kikawa stoo ya ndoo na mifagio. Bwana Giza alikataa katakata kujifunza kazi ya kubofya, akastaafu, akaenda zake nyumbani kumsumbua mkewe jikoni. Bado Kidogo akapelekwa kusomea mashine mpya. Kila alipomtembelea aliulizwa swali lile lile: "Hiyo mashine yenu haina giza, mnajuaje mnachokifanya?" Na kila mara walicheka, kwa sababu jibu halikuwepo na hakuna aliyelihitaji.

Ugonjwa ulianza kwa vichekesho. Bwana Giza alimimina kahawa pembeni ya kikombe. Aliomba aletewe ufunguo, kumbe anataka kijiko. Mama alicheka, naye akajicheka, mpaka asubuhi alipoanguka bafuni na mkono wa kulia ukakataa kuamka. Hospitali ikaona uvimbe kwenye ubongo. Madaktari wakampasua, wakatoa walichoweza kutoa. Kilichobaki kilikuwa kimejibanza mahali ambapo kisu kisingeweza kukifuata bila kuondoka na maneno yake yote.

Daktari wa ubongo, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, aliwakalisha wote watatu ofisini kwake, mgonjwa, mkewe na Bado Kidogo. Hakumumunya maneno.

"Uvimbe huu una njaa," alisema. "Unajitengenezea mishipa yake ya damu ili upate kula. Kuna dawa tunayoifanyia utafiti, kazi yake ni kuibana mishipa hiyo. Kwa wengine inafanya kazi, kwa wengine haifanyi lolote. Na ni kali. Itamchubua viganja, itamtoa vidonda mdomoni. Sitaki kumtesa mtu na dawa isiyomsaidia."

"Sasa mtajuaje kama inamsaidia?" Mama aliuliza.

"Kwa picha ya damu. Tukingoja uvimbe upungue ukubwa tutachelewa. Damu ndiyo hupungua kwanza. Tutapiga picha kabla ya dawa, tutapiga nyingine akishaimeza kwa majuma kadhaa. Damu ikipungua kwenye uvimbe, anaendelea. Isipopungua, tunaiacha, na sina dawa nyingine ya kumpa." Kisha akainua kidole. "Na jambo moja. Tangu siku moja kabla ya picha, hakuna kahawa wala chai ya rangi. Kahawa hupunguza damu kichwani. Itatuchanganya."

Bwana Giza akamgeukia Bado Kidogo. "Hata hiyo mmeniwekea sheria?"

Siku ya picha ya kwanza alikuja na kichwa kinamgonga kwa kukosa kahawa, akiwa mkali kama pilipili. Kabla hajakubali kulala alitaka maelezo. "Damu inapigwaje picha?"

"Mashine inaitia alama ikiwa shingoni, Baba, kwa sumaku, hata sindano hakuna. Halafu inaingoja ifike kichwani. Penye damu nyingi panatoka pekundu, penye kidogo panatoka pa buluu."

"Hakuna kuchovya?"

"Hakuna."

"Hakuna kutundika?"

"Hakuna, Baba."

"Basi hiyo siyo kazi, ni mchezo wa watoto."

Hata hivyo alilala kimya ndani ya ule ugomvi wa vyuma, kama kuna fundi bati aliyepanda juu ya kichwa chake, na hakutikisika hata unywele. Bado Kidogo hajawahi kupata mgonjwa aliyetulia vile. Alipotolewa akataka aone. Sheria ya kazi ni kwamba matokeo ni ya daktari, mpiga picha hasemi kitu. Lakini angemnyimaje picha mtu aliyemfundisha picha ni nini? Akamgeuzia skrini. Ubongo ulionekana umekatwa vipande kama mkate, una rangi ya machungwa na kijani, na ubavuni kushoto doa jekundu linawaka kama kaa.

Bwana Giza akalitazama kwa muda mrefu. "Linakula vizuri kuliko mimi," akasema.

Akaanza dawa, na dawa ikafanya yote mabaya iliyoahidi. Viganja vilichubuka kama kiazi kilichochemshwa. Chakula cha moto hakikupita mdomoni. Bado Kidogo alikuwa akipita kwao baada ya kazi na kumkuta Mama amekaa kwenye kigoda, anampaka mafuta kidole kimoja kimoja, na nyumba imenyamaza. Ukimya huo ndio uliomtia hofu. Maana Mama alikuwa mwanamke wa kuimba. Aliimba tangu anapofungua dirisha la jikoni mpaka anapolifunga, nyimbo asizozijua maneno yake vizuri, akijaza mapengo kwa kuvumisha. Bwana Giza alijidai zinamkera miaka yote ile. Tangu wapewe jina la ugonjwa, hakuimba tena. Ungesikia bomba likidondoka.

Ikaja siku ya picha ya pili. Safari hii Bwana Giza aliwasili mchangamfu, anatafuna peremende, anawatania wauguzi, anamwita mfagiaji "bosi". Bado Kidogo alifurahi kumwona hivyo. Alimlaza, akamfunika kizimba, akarudi kwenye kiti chake nyuma ya kioo, akabonyeza. Hakuwa na kawaida ya kuomba kazini. Siku hiyo aliomba, waziwazi, huku mikono iko kwenye kibodi.

Picha ikajitokeza. Lile kaa lilikuwa limefifia.

Aliruka kitini. Alikumbuka baadaye kwamba alipiga hata kofi moja, peke yake, kama mtu aliyeona bao. Akainua simu kumwita daktari, "Njoo uone, imepungua, imepungua kabisa!" na daktari akaja karibu mbio, miwani inaruka kifuani. Wakainama wote wawili. Furaha yao haikufika mbali. Bado Kidogo aliona macho ya daktari yakihama kutoka kushoto kwenda kulia, yakarudi, yakahama tena, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuhamisha yake.

"Mbona huku upande mzima nako kumefifia?" daktari akauliza taratibu. "Angalia. Kichwa kizima kimefifia. Mashine ina tatizo?"

"Mgonjwa aliyetangulia ametoka vizuri."

Daktari akavaa miwani, akaivua. Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu bila furaha. "Nenda ukamwulize. Mimi atanidanganya. Wewe ni mwanawe."

Alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi, anahangaika na soksi kwa mkono mmoja. Akapiga magoti, akamvalisha. Peremende ilikuwa inanukia, na chini ya peremende kulikuwa na harufu nyingine ambayo angeitambua hata usingizini.

"Baba, umekunywa kahawa?"

"Kahawa gani?"

"Baba."

Bwana Giza akaitazama ile soksi kama ndiyo iliyomsaliti. "Chupa nzima," akasema. "Ile kubwa."

Hapo ndipo vijana wa chai huacha kutafuna. Kwa sababu mtu huyu ndiye aliyekuwa akichana filamu yenye ukungu hata wa ukubwa wa ukucha, ndiye aliyeapa kwamba picha haihongwi, na sasa ameihonga kwa kahawa. Bado Kidogo alishikwa na hasira na huruma kwa pamoja, akashindwa kujua aanze na ipi.

"Kwa nini? Ulisikia ilivyokatazwa. Ulijua itafanya nini."

"Ndiyo maana nikanywa. Nilijisemea, damu ikionekana imepungua, wataniachia dawa yao." Alisita, akitafuta neno, akalipata. "Sikuwaza upande wa pili. Nilifikiria kibovu tu. Mimi! Zamani ningesahau jina langu kabla ya kusahau upande mzima." Akajigonga kichwa kwa kidole. "Hilo nalo limeshaliwa."

Bado Kidogo alishindwa kujizuia. Alilia pale pale sakafuni, soksi ya pili mkononi.

"Usilie. Sikiliza," akasema Bwana Giza, sauti imeshuka. "Mama yako haimbi. Unajua nyumba ile ilivyo bila kelele zake? Mimi kufa nitakufa, sote tunajua, sijaja duniani kuota mizizi. Lakini wakinitoa kwenye dawa, ni nani atakayemwambia? Nitamtazama vipi? Nilitaka leo aondoke hapa na habari njema. Arudi aimbe hata wiki moja. Basi." Akamshika begani kwa mkono wake mzima. "Mwambie daktari nilitikisika. Mwambie mashine imechoka. Iache hiyo picha ipite, mwanangu."

Bado Kidogo hajawahi kuombwa kitu na mtu yule. Maisha yake yote alikuwa akiamriwa. Na atakuambia kweli, alitamani kukubali. Alitamani kwa moyo wote. Lakini daktari alikuwa ameshaona alichokiona, na hata asingeona, vile viganja vilivyochubuka vilikuwa vimelala hapo magotini, vikimwuliza vitachubuliwa bure mpaka lini.

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba," akasema hatimaye. "Yako imeishia hapa kwenye benchi. Tunarudia keshokutwa, bila kahawa."

"Na ikiwaka?"

"Ikiwaka, imewaka."

Bwana Giza akanyoosha mguu wa pili avalishwe soksi. Daktari alipoelezwa alicheka mpaka akajishika ubavu, na alipomaliza kucheka alifuta miwani kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitaji. Mama, aliyekuwa akingoja kwenye ukumbi, aliambiwa tu kwamba picha haikutoka vizuri, itarudiwa. Akasema sawa, akaweka mkoba begani.

Keshokutwa yake Bwana Giza alikuja bila peremende na bila utani. Alilala, akafumba macho, akasukumwa ndani. Mashine ikagonga, ikanguruma, ikagonga. Nyuma ya kioo Bado Kidogo aliangalia upande mzima kwanza, kwa makusudi, akajichelewesha hapo kadiri alivyoweza. Ulikuwa mzuri, una rangi yake yote. Kisha akapiga moyo konde, akahamia kushoto. Kaa lilikuwa pale pale. Liliwaka kuliko mara ya kwanza, na kingo zake zilikuwa zimetanuka. Dawa haikuligusa.

Kazi yake wakati huo ilikuwa kubonyeza kipaza sauti na kusema wamemaliza. Alikibonyeza. Mdomo ulifunguka na hakuna kilichotoka. Akaachia, akabonyeza tena, hakuna. Kutoka ndani ya tundu ikaja sauti ya Bwana Giza, tulivu kabisa.

"Umenyamaza," alisema. "Nimekusikia."

Alipomtoa hakumtazama usoni. Alimkalisha, akamgeuzia skrini bila kuulizwa. Mzee akasogea, akainua kidole chenye ngozi mpya, akakipitisha kwenye ule wekundu polepole kama mtu anayefuata mpaka wa shamba. Alisema tu, "Daktari asimwambie Mama yako. Nitamwambia mwenyewe. Na hili la kahawa pia."

Bado Kidogo alisimama nyuma ya mlango wenye kioo, amekumbatia kanzu ya hospitali aliyomvua, akawatazama ukumbini. Bwana Giza alikaa karibu na mkewe mpaka mabega yakagusana. Alizungumza kwa muda, akisita kutafuta maneno, naye Mama akimngoja bila kumsaidia. Mkono wa Mama ukaenda mdomoni, ukakaa hapo. Kisha ukashuka, akasema jambo fupi. Bwana Giza akageuka, akamkodolea macho. Halafu wakaanza kucheka, wote wawili, wakicheka hadi wapita njia wakageuka, na kicheko kikageuka kilio, wakashikana, kichwa cha mmoja kikiwa shingoni mwa mwenzake. Bado Kidogo alilia nyuma ya mlango wake, asijue wamecheka nini.

Dawa ikaachwa. Viganja vikapona, vidonda vya mdomoni vikafunga, na Bwana Giza akapata majira mazima ya kula chakula cha moto. Maneno yalimpotea moja baada ya jingine, vitu kwanza, watu baadaye. Jina la mkewe ndilo lililobaki mpaka mwisho. Alifariki nyumbani, mchana, dirisha la jikoni liko wazi.

Wageni walipokwisha kuondoka, Bado Kidogo alibaki na Mama wakiosha vyombo, na hapo akamwuliza. Siku ile ukumbini, Mama alimwambia Baba nini hata wakacheka?

"Alikuwa ananiungamia," Mama akasema. "Eti alinidanganya daktari ameiruhusu kahawa, ili nimpikie. Anatetemeka, maskini, anaomba msamaha. Nikamwambia, baba, mimi si nilikuwa nimekaa pale pale daktari alipokataza? Masikio ninayo."

Akasuuza kikombe, akakiinamisha juu ya kitambaa.

"Niliipika nikijua. Na siku ile niliongeza kijiko."